UZI: Pi santez, ndege wa Ushelisheli aliyebakia kumi na kitu kisiwani Frégate. Amerudi vipi, na kwa nini bado yuko hatarini

MtuWaKibokoni

Assalamu alaikum wanajamvi, na habari zenu nyote.

Kwenye ule uzi wa kunguru mwenzetu mmoja aliandika kwamba ndege akishabakia wachache ndiyo basi tena, hata watu wahangaike vipi. Sikubaliani naye, na mfano ninao wa bahari hii hii yetu. Ukitoka Kilindini ukaelekea mashariki karibu moja kwa moja, utafika Ushelisheli.

Kule kuna ndege wa msituni ambaye wenyeji humwita pi santez. Ni mweusi wa kung'aa, kila bawa lina baka jeupe, urefu wake kama sentimita 25, na ana sauti nzuri sana. Chakula chake anakitafuta chini. Hupekua majani makavu akisaka mende, jongoo, tandu na mijusi midogo. Kobe mkubwa akipita, pi santez humwandama nyuma, maana kobe akikanyaga wadudu hutoka. Hata mtu akipita msituni humfuata vivyo hivyo, bila woga wowote.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Visiwa vile havikuwa na paka wala panya, na ndege hakuwahi kujifunza kumkimbia mnyama wa miguu minne. Mabaharia na walowezi walipowaleta, mambo yakaharibika. Misitu nayo ikafyekwa kupisha minazi. Zamani pi santez aliishi Mahé, Praslin, La Digue, Marianne, Aride na kwingineko. Kufikia 1965 alikuwa amebakia kisiwa kimoja tu, Frégate, chenye ukubwa wa kama kilomita 2 za mraba, na waliohesabiwa ni kati ya 12 na 15. Duniani kote, hao tu.

Leo wako zaidi ya 200, wametapakaa visiwa vitano: Frégate, Cousin, Cousine, Aride na Denis. Mwaka 2005 walitolewa daraja la juu kabisa la hatari kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, wakawekwa daraja linalofuata, la ndege walio hatarini. Mpaka sasa wako hapo.

Nataka tuzungumze mambo mawili: walirudi vipi, na mbona bado wanahesabiwa kuwa hatarini ilhali wameongezeka hivyo. Jibu la swali la pili linatugusa sisi watu wa bandarini kuliko mnavyodhani.

NahodhaMstaafu

Mwanangu, umenikumbusha mbali. Kabla uwanja wa ndege wa Mahé haujafunguliwa 1971, Ushelisheli ulikuwa huendi ila kwa meli, na Mombasa ndipo wengi walipopandia. Meli za Karanja na Kampala zilikuwa zikipita huko zikienda na kurudi Bombay. Marehemu baba alifanya kazi melini na kule alipajua. Wako hata Washelisheli waliohamia hapa Mombasa wakaoa na kuolewa kwetu.

Sasa nikuulize. Chombo chochote cha mizigo kina panya, hilo sina haja ya kuambiwa na mtu. Akilala kwenye gunia la mchele huku, anaamka bandari nyingine. Hicho kisiwa cha Frégate kimewezaje kukaa bila panya miaka yote hiyo?

MtuWaKibokoni

Ami, swali lako ndilo kiini chenyewe.

Frégate ilikuwa na paka, lakini panya ilinusurika nao muda mrefu. Paka walianza kuwindwa tangu miaka ya 1960, na waliisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu walitarajia pi santez wataongezeka mara moja, lakini wapi. Kufikia 1990 walikuwa bado ishirini na kitu. Kwa hiyo kumwondoa adui hakukutosha. Msitu wenyewe ulikuwa umechoka, miti mikubwa yenye matundu ya kutagia ilikuwa michache, na kwenzi wa India waliingizwa visiwani wakawa wanawanyang'anya matundu na kuvamia viota.

Mwaka 1990 ndipo ulipoanza mpango wenyewe, BirdLife, shirika la kimataifa la kulinda ndege, ikiwemo. Walitundika visanduku vya viota, wakawapa ndege chakula cha nyongeza, wakapanda miti ya asili, wakawazuia wale kwenzi. Ndege huyu hutaga yai moja tu kwa mara, kwa hiyo kila kinda lililopotea lilikuwa hasara kubwa. Pole pole idadi ikapanda. Kuanzia 1994 wakahamisha wengine kwenda Cousin, kisha Cousine. Aride ikafuata 2002, na Denis 2008.

Sasa sikiliza, ami. Mwaka 1995, kazi ikiwa imeshika kasi, panya wakaingia Frégate. Kisiwa kilichomhifadhi ndege huyu peke yake miaka thelathini kikavamiwa wakati ambapo ndiyo kwanza wachache wamepelekwa kwingine. Lau wangechelewa kidogo kuwahamisha, pengine leo tungekuwa tunamzungumzia kama hadithi.

Panya wa Frégate walimalizwa mwaka 2000 kwa sumu iliyomwagwa kwa helikopta. Kabla ya sumu, pi santez walikamatwa wakawekwa kwenye vizimba mpaka hatari ikapita, ndipo wakaachiwa. Mwaka huo huo walijaribu pia visiwa vya Denis na Curieuse, na huko panya hawakuisha. Kazi hii haina dhamana.

BintiMajengo

Nimesoma kwa makini, na nashukuru kwa uzi mzuri. Lakini hili la kuua paka limenikaa vibaya. Sisi Mji wa Kale paka tunaishi nao milangoni, tunawapa vichwa vya samaki, na dini yetu inatufundisha kumhurumia. Kisiwa kizima kimewindwa paka mpaka wa mwisho kwa ajili ya ndege? Huyo paka ana kosa gani?

MtuWaKibokoni

Dada, paka hana kosa, na sitakwambia umekosea kumhurumia. Kosa ni la aliyempeleka pale kwa jahazi kisha akamwacha atafute mwenyewe.

Ila tazama hali ilivyokuwa. Paka wako dunia nzima kwa mamilioni. Pi santez walikuwa 12 au 15, na wanatafuta chakula chini, mchana kweupe, bila kumwogopa yeyote. Paka mmoja angeweza kuwamaliza. Hapakuwa na njia ya kuwaacha wote wawili kisiwani ukitaraji waelewane. Mimi ningeamua kama walivyoamua wao, na ningeamua kwa uzito wa moyo.

Paka wa Mji wa Kale hayumo kwenye hesabu hii. Hapa ameishi na watu karne na karne, na panya wa hapa tunamhitaji awapunguze.

BintiMajengo

Hapo nimekuelewa, ingawa moyo bado unasita. Tusiwe tunalisema kwa wepesi tu.

MwongozajiSokoke

Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni wa ndege msitu wa Arabuko-Sokoke, nichangie hilo la pili, kwa nini bado hatarini.

Mtu akisikia kutoka 15 mpaka zaidi ya 200 anaona mambo yamekwisha. Lakini piga hesabu ya ardhi. Cousin ina hekta 27 hivi, Cousine ni ndogo kidogo kuliko hiyo. Pi santez ni ndege wa mipaka: jozi moja ikishika eneo lake haimruhusu mwingine kuzalia humo. Kijana akikua akakuta kisiwa kizima kimegawanywa, hana pa kwenda. Atakaa pembeni akingojea mwenye eneo afe. Kisiwa kikishajaa, idadi inasimama, hata chakula kiwe tele.

Pa kupanuka ni wapi? Mahé na Praslin ndivyo visiwa vikubwa, na ndiko asili yake, lakini huko paka na panya wamejaa na watu wana makazi. Hawezi kurudi. Yaani ndege huyu amefungiwa nje ya nyumba yake kubwa, anaishi kwenye vibanda vya uani.

Tena wote waliopo leo ni kizazi cha wale wachache wa Frégate. Damu imekaribiana mno. Ugonjwa mmoja ukiwaelemea wote, hakuna ukoo mwingine mahali popote wa kuanzia upya.

Kwa hiyo wataalamu hawaangalii idadi tu. Wanauliza: wako sehemu ngapi, zina ukubwa gani, na ni tukio gani moja linaloweza kuwafuta. Tukio lenyewe ami ameshalitaja: panya kwenye gunia.

KijanaWaTudor

Niseme ukweli wangu, na msichukulie vibaya. Mimi nina shahada na sina kazi mwaka wa pili huu. Nikisoma helikopta, vizimba, visanduku vya viota, kwa ndege mmoja ambaye hata hatumuoni, najiuliza hizo pesa zingefanya nini kwa vijana. Sipingi, nauliza.

MwongozajiSokoke

Mdogo wangu, umeuliza swali la haki na nitakujibu la kazi kwa la kazi.

Cousin ilikuwa shamba la minazi. Mwaka 1968 ikanunuliwa ili kumwokoa ndege mwingine mdogo wa rangi ya kahawia, wa majani, ambaye naye alikuwa amebakia chini ya thelathini duniani, wote kisiwani hapo. Minazi ikaondolewa, msitu wa asili ukaachwa uote. Yule ndege mdogo sasa ni maelfu, baada ya kuhamishiwa Aride, Cousine, Denis na Frégate. Tangu 2015 hahesabiwi tena kati ya walio hatarini, yuko daraja la wale wanaokaribia hatari tu. Na Cousin leo inapokea wageni wanaolipa, walinzi wake ni Washelisheli, na kisiwa kinasimamiwa na shirika la huko huko, Nature Seychelles.

Mimi mwenyewe napeleka watoto shule kwa sababu wageni wanapanda ndege kuja kumwona bundi mdogo wa Sokoke amelala kwenye tawi. Kazi ya msitu ni kazi. Sidai itamwajiri kila mwenye shahada Mombasa, lakini msitu ukishakatwa, hata kazi hizo chache hazipo.

KijanaWaTudor

Hiyo ya minazi kuondolewa sikuijua. Asante kaka.

BibiWaMtwapa

Wanangu, niwaeleze ninachokiona hapa kwangu, maana mnazungumza visiwa vya mbali na hali ni hiyo hiyo.

Uani kwangu kuna mwarobaini. Zamani wanana walikuwa wakisuka viota vyao hapo, mtu unakaa barazani unawasikiliza kutwa. Sasa wakianza kusuka, kunguru wanakaa juu ya paa la bati, wanatazama. Hawana haraka. Mnana akitoka kwenda kutafuta nyasi, kunguru mmoja anashuka, anaingiza mdomo kwenye kiota, anakichana kutoka chini, yai linaanguka. Wa pili yuko chini tayari analisubiri. Wanashirikiana kama watu. Msimu uliopita sikuona kiota kilichofika mwisho.

Hawa si kunguru wetu wa asili. Hawa wa shingo ya kijivu wamekuja.

MtuWaKibokoni

Kweli kabisa bibi. Hao ni kunguru wa India. Waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, wakidhaniwa watasaidia kusafisha taka za mji, na hapa Mombasa walionekana mwaka 1947. Sasa wameenea Pwani yote. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuwapunguza, na ndiyo ule uzi mwingine tuliokuwa tukibishana.

Lakini angalia tofauti. Ushelisheli kunguru hawa waliwahi kufika pia, kwa meli, miaka ya 1970. Hawakungojwa wazoee. Waliwindwa mpaka wakaisha, na walikuwa bado wachache sana walipoanza kuwindwa. Sisi tuliwaacha wakawa maelfu kwa maelfu, sasa tunahangaika na sumu mjini katikati ya watu na kuku. Kunguru kumi ni kazi ya watu wachache na subira. Kunguru laki kadhaa ni vita.

Nikiona kiota cha mnana wa Bibi wa Mtwapa, naona kile ambacho kingempata pi santez kama kunguru wangeachwa Mahé wakazaana na kuvuka visiwa vidogo.

MpembaWaKuze

Mimi asili yangu Pemba, ila nimezaliwa hapa Mombasa. Msisahau kwamba visiwa vyetu wenyewe vina ndege wasiopatikana kwingine duniani. Pemba kuna ninga wake, chozi wake, na bundi wake mdogo mwekundu anayelia usiku msitu wa Ngezi na kwenye mikarafuu ya zamani. Babu yangu alikuwa na shamba la mikarafuu na sauti ya huyo bundi kwake ilikuwa ni sehemu ya usiku, ingawa wengine wakiona ni mkosi wakamfukuza kwa mawe.

Ninachouliza: Ushelisheli wamepata kisiwa cha kumhamishia ndege. Bundi wa Pemba atahamishiwa wapi? Pemba ina watu wengi, mashamba kila mahali. Mbinu hii inafaa kwa nchi yenye visiwa vingi vidogo vitupu.

MwongozajiSokoke

Swali zito. Nadhani kwa Pemba dawa ni ile ya La Digue kuliko ya Cousin.

La Digue ina watu, ina hoteli, ina baiskeli kila kona, hata paka na panya wapo. Na ndiko alikobakia ndege mwingine wa msituni, jamii ya wale wenye mkia mrefu tunaowaona hapa Pwani. Dume ni mweusi mwili mzima na mkia wake unaburura kama utepe, jike ana mgongo wa hudhurungi na tumbo jeupe. Yeye hutega wadudu juu mitini, hashuki chini sana, kwa hiyo ameweza kuvumilia. Anachohitaji ni miti mikubwa ya tambarare karibu na majimaji, na miti anayoipenda hata sisi tunayo: mkungu na mtondoo. Ndiyo, mkungu huu huu ambao watoto wa Mombasa wanapondea makungu barabarani.

Kule wametenga hifadhi ndogo katikati ya makazi, na wenye viwanja wakaombwa wasikate hiyo miti. Mwaka 2008 ndege 23 walipelekwa Denis, ili wasiwe kisiwa kimoja. Wakazaana. Mwaka 2020 ndege huyo naye akashushwa, tena kwa daraja mbili, kutoka ile ya juu kabisa.

Kwa hiyo pale ambapo watu na ndege wanakaa pamoja, kila mti mkubwa una thamani yake. Ngezi ibaki, na mikarafuu mizee isiyozaa tena isikatwe yote kwa mkupuo. Na bundi asipigwe mawe.

MpembaWaKuze

Hilo la mikarafuu nitalisema nyumbani. Wajomba zangu wanazungumzia kuifyeka yote wapande mipya.

KaraniWaGati

Nimekuwa nikisoma tu kimya kimya. Mimi nafanya kazi bandarini, upande wa mizigo. Mwenye uzi, umesema jambo hili linatugusa sisi wa bandari. Hebu lieleze vizuri, maana meli zinazoelekea visiwa vya Bahari ya Hindi tunazihudumia. Panya anazuiwaje kihalisi?

MtuWaKibokoni

Asante sana kwa kuuliza, hapa ndipo nilipotaka tufike.

Cousin wana sheria moja rahisi: hakuna chombo cha mgeni kinachogusa ufuo. Ukija na boti yako unasimama nje majini. Walinzi wanakuja na boti yao ya kisiwani, wanakuhamishia humo, ndiyo unashuka. Mzigo wa walinzi wenyewe unakaguliwa. Hivyo ndivyo kisiwa kimekaa bila panya tangu 1968 mpaka leo ilhali wageni wanashuka.

Lakini ule ni mlango wa mwisho. Mlango wa kwanza uko kwa watu kama wewe. Panya hapandi meli kimiujiza. Anapitia kamba za kufungia meli gatini, au anaingia ndani ya mzigo ukiwa bado ghalani. Ndiyo maana ya zile sahani za chuma zinazovishwa kwenye kamba. Zikivishwa vibaya, zikiegemea ukuta wa gati au kamba mbili zikigusana, panya anapita kama hazipo.

KaraniWaGati

Hizo sahani nazijua, na kweli mara nyingi zinafungwa kwa kutimiza wajibu tu. Kuna nyingine nimeziona zimepinda, zimekatika upande.

NahodhaMstaafu

Hapo nimewaelewa wote wawili. Niongeze kwa uzoefu wangu. Hatari kubwa kuliko meli kubwa ni vyombo vidogo na vifaa vya ujenzi. Meli kubwa ina cheti cha usafi cha miezi sita, ina mkaguzi. Lakini mbao zilizofungwa, mchanga, mabati yaliyolala ghalani mwezi mzima, marobota ya makuti, humo panya jike anazaa kabisa. Mizigo ya namna hiyo ilikuwa ikipakiwa usiku bila mtu kuifungua.

Mwanangu wa gatini, mbao zikilala chini zaidi ya wiki, zifungue na uzipange upya kabla hazijapakiwa. Na chakula cha mabaharia kisiwekwe karibu na mzigo wa aina hiyo.

KaraniWaGati

Ami, hilo la kufungua mbao halimo kwenye utaratibu wetu ila linawezekana, ni saa mbili za vibarua wanne. Kesho kuna mkutano wa usalama kazini, nitaliweka kwenye ajenda pamoja na sahani zilizopinda. Mwenye uzi, kama una picha ya sahani iliyovishwa sawasawa kwenye kamba, niwekee hapa niwaonyeshe.

MtuWaKibokoni

Naitafuta usiku huu nitaipandisha. Kwa sasa andika haya: sahani ikae mbali na gati na mbali na ubavu wa meli, kila kamba iwe na yake, na upande mpana uelekee nchi kavu. Ngazi ya meli nayo iinuliwe usiku kama haitumiki, na kama inatumika, taa iwashwe.